Chai Waliyoikataa Wanawake

Zaina, Rehema wangu ndiye kiongozi wa wanawake! Darasa zima la Wazungu, kachaguliwa yeye! Haya, sasa pokea salamu. Hujambo, mdogo wangu? Mguu wa mama umepoa? Sisi hapa Germantown wazima, ila baridi haitaki kwisha.

Ni mchezo wa kuigiza wa shule. Zamani Marekani hii nayo ilitawaliwa na Waingereza, chai ikatozwa kodi. Wanawake wakagoma: chai ya mfalme hawanywi, kitambaa chake hawavai, wakawa wanasokota nyuzi zao wenyewe. Mchezo utachezwa kwenye nyumba ya mawe walimokuwa wakikutana.

Wanijua, siendi kwa watu mikono mitupu. Siku ya mazoezi humo nikabeba chupa ya chai ya maziwa, tangawizi imekolea, nikamimina vikombe mezani, tukatoka wote uani kuwatazama watoto wakijaribu magauni. Kurudi, vikombe vyote vimelazwa kifudifudi. Meza kavu, tone hakuna. Na chai iliyobaki chupani, baridi kama maji ya mtungi!

Mwalimu akacheka, "Watoto hawa!" Lakini watoto tulikuwa nao nje.

Rehema, ambaye hunijibu Kiingereza tupu, akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Mama, toa chai. Wamama wamekasirika."

"Wamama gani?"

"Hao waliokaa kwenye benchi."

Benchi lilikuwa tupu, Zaina.

Nyumbani akasema hachezi tena, apewe mwingine. Nami nimeshamtangaza kote! Shemeji wa Springfield kaomba ruhusa kazini!

Nikasema, kosa la mgeni huombewa radhi papo hapo penye kosa. Kesho yake nikamshika mkono, nikapiga hodi kwenye nyumba ile ya mawe. "Wenyeji, niwieni radhi, sikujua kuwa mpaka leo bado mmegoma." Nikamimina mchaichai ule ulionitumia, majani ya shambani kwetu, hayana kodi ya mfalme yeyote. Tukageukia ukuta wanywe bila kutazamwa, kama mbele ya wakwe. Nyuma yetu benchi likalia, kama watu wanasogezana. Kugeuka, vikombe vimesimama, vitupu, bado vya moto.

Mtoto akatabasamu. "Mama, wanauliza mchezo ni lini."

Nisalimie mama, mumeo fundi cherehani, na bibi jirani anayetuangalizia kuku. Ni mimi dada yako, mama wa kiongozi. Shemeji anakuja, jamaa wa Sterling wanakuja, na wamama wale Rehema amewajibu waje wote: Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa nane mchana.