Mahari ya Asmahan

Small Heath, Birmingham
Jumapili

Kwako dada yangu mpenzi Zuleha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limekuachia usingizi siku hizi. Shemeji hajambo? Bado anagombana na jirani kwa ajili ya ukuta? Wasalimie wote hapo Nyamirambo. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Baridi ipo, kazi ya kutunza wazee kule Northfield ipo, na basi la Coventry Road linanichelewesha kila asubuhi. Barua anakuletea mzee Saido, yule Mrundi wa Buyenzi aliyekuwa msemaji wetu kwenye sherehe. Haya mambo kwa simu nisingeyamaliza, ningekata katikati.

Umenilaumu kwamba tangu gusaba ya mwanangu Asmahan, ile sherehe ya kumwomba binti, sijakutumia hata picha moja. Una haki. Hakuna ndoa, dada. Tulia nikueleze.

Kijana mwenyewe, Suhail, unamjua kwa jina. Yeye na Asmahan wanafanya kazi pamoja katika hospitali ile kubwa karibu na Harborne, na simsingizii, ana adabu zake. Siku ya kuleta posa alikuja na baba yake, Alhaji Muzamil, mtu anayeheshimiwa sana hapa. Anajitambulisha kama Mswahili wa Bujumbura. Ukimuuliza kabila anacheka, anakwambia sisi Waislamu hatuna Mhutu wala Mtutsi. Baba yetu naye alikuwa na maneno hayo hayo, lakini baba aliyasema akiwa Mhutu aliyesimama mlangoni mwa msikiti, na watu wamejificha nyuma yake. Basi tukanywa chai, na Alhaji akaomba dua ya kufunga mazungumzo. Dada, ile sauti. Anauvuta mwisho wa kila sentensi, halafu anaushusha ghafla. Nilikuwa nimebeba sinia, ikabidi niliweke chini nimsikilize.

Wewe siku ile ya mwaka 1994 ulikuwa kwa shangazi, hukumsikia. Mimi nilikuwa dirishani, mtoto wa miaka kumi na miwili. Kalisti, katekista wa parokia ya kwao mama, alisimama kwetu akasema kwa upole mwingi, kwa sauti hiyo hiyo, kwamba bibi yuko kanisani, ana majeraha, anamwita binti yake kabla hajakata roho. Mtaani kwetu mama alikuwa salama. Kitambulisho chake kilisema Mtutsi, lakini Waislamu wenzake walikuwa wanamficha nyumba hadi nyumba. Ila tangu alipoacha kanisa akasilimu, bibi hakumsemesha tena, na jambo hilo lilimtafuna. Kalisti alilijua, kwa sababu bibi alikuwa akimlilia yeye kila Jumapili. Mama akajitanda kanga, akamfuata. Baadaye ndipo tukaja kujua kwamba bibi alikuwa ameshauawa kabla. Mama hatukumwona tena, na wewe umezunguka kila shimo lililofukuliwa mkoa mzima ukimtafuta, hujapata hata kipande cha nguo.

Sherehe tuliifanyia ukumbini, hapa hapa Small Heath. Gusaba yetu unaijua. Upande wa msichana lazima uwazushie wakwe makosa ya uongo, kwamba babu yao aliiba ng'ombe wetu na mambo kama hayo, na wao lazima wakubali na kuomba radhi, watu wacheke, ndipo binti aombwe. Msemaji wao alikuwa Ameir, Mzanzibari hodari wa maneno, lakini desturi zetu alifundishwa wiki ile. Aliambiwa kwamba chochote atakachoshtakiwa, akubali tu.

Mzee Saido alipomaliza ya ng'ombe, nikasimama mimi. Wanaume waliguna, mwanamke kusema pale si kawaida. Nikasema kwamba ukoo huu ulimtoa mama mmoja nyumbani kwetu kwa kumdanganya kwamba mama yake anamwita. Ameir akainuka, mkono kifuani, akajibu kwamba ni kweli walimchukua, tena walidanganya, na wanaomba radhi. Ukumbi ukacheka, watu wakapiga makofi. Alhaji hakucheka. Nikasema radhi nimeisikia, sasa mahari ya mwanangu ni kitu kimoja tu: Kalisti aniambie alipo mama yangu. Akiniambia, binti ni wao.

Suhail akamgeukia baba yake, akamuuliza kwa Kiingereza Kalisti ni nani. Akauliza tena. Mzee akaanza kusema kwa Kinyarwanda, lugha ambayo hapa hakuna aliyewahi kuisikia kinywani mwake. Alisema ni nyuma ya jiko la shule ya katekisimu, katika shimo la choo ambalo halikuwa limemalizwa kuchimbwa, na juu yake walipanda migomba. Akaongeza kwamba yeye hakumpiga, alimfikisha tu. Alimfikisha tu, Zuleha.

Watu wengi walikuwa wanarekodi kwa simu. Nimeshawapelekea polisi, wameshamhoji, na pasipoti yake wanayo wao. Usiku ule nilipakua wali nikala nikashiba. Nilifurahi, sitakuficha.

Lakini kuna lingine ambalo hata mzee Saido halijui. Sauti ile niliitambua siku ya posa, miezi mitatu kabla ya sherehe. Ningeweza kuwafukuza siku ile ile. Sikuwafukuza. Nilijua nikimfuata peke yake atakana, nikataka asimame mbele ya watu na mwanawe. Nikaenda na Asmahan kuchagua mushanana, vazi la sherehe, nikambana pini begani, nikamsifu mbele ya kioo. Mwanangu nilimfanya chambo. Na ahadi niliyotoa pale ukumbini sikuwa na nia ya kuitimiza hata kidogo. Alhaji alipomaliza kusema, nilimshika Asmahan mkono nikawaambia hapa hakuna bibi harusi.

Ndani ya gari aliniuliza kama nilijua tangu mwanzo. Nikamwambia ndiyo. Sasa anaishi kwa rafiki yake Sejal, kule Harborne, na mimi ameniblock. Sejal ndiye aliyeniambia kwamba mwezi ujao wanakuja huko, Asmahan na Suhail. Kijana anasema mama alitiwa shimoni na watu wa nyumba yao, basi anataka kumtoa kwa mikono yake.

Dada, nenda kwa viongozi upesi, waoneshe ninachokuandikia, wang'oe ile migomba. Asmahan mpokee, mlaze kitandani kwako, mpikie. Ila Suhail asiguse udongo ule. Najua alikuwa hajazaliwa. Najua hana kosa. Abaki barabarani mpaka mama atoke. Na Asmahan akiamua kusimama naye barabarani, mwache asimame, mama utamtoa wewe.

Nisalimie wanao wote, na uniombee kwa Mungu kile unachoona kinanifaa. Mimi sijui niombe nini.

Mdogo wako,
Sikuzani