Bizimu la Saa ya Baba

4 Machi

Kaka,

Salamu. Mimi mzima. Baba naye mwili haujambo, ila moyo wake umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Tangu uondoke Jumapili anaipapasa saa yake. Macho yamezimika, lakini miaka arobaini ya ufundi saa imebaki kwenye kidole gumba. Jana nilipompa chai aliniuliza taratibu, "Bizimu la mkanda wa saa yangu umempelekea sonara yupi?" Nikatazama kifungio cha mkanda. Lile la dhahabu halipo, limefungwa la shaba.

Aliyemvua saa akaenda nayo sebuleni, eti kuisafisha, ni wewe. Mwenye kabati la vioo lililojaa mabizimu ya kale ni wewe. Lakini mwizi nimekuwa mimi, na chakula cha mkononi mwangu hakitaki. Mrudishie, na umwambie mwenyewe.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi salama, ingawa barua yako ilikuja na miiba.

Sikuiba. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Bizimu lile lilitengenezwa kabla baba hajazaliwa, na alama ya kiwanda bado inasomeka. Nimelitafuta miaka kumi na moja. Katika seti yangu lilibaki pengo hilo tu. Kwenye mkono wa mtu asiyeona lilikuwa linafanya nini zaidi ya kulika? Nimemwekea jingine, saa haianguki. Mwambie la zamani lilikatika ulimi. Uongo mdogo hauui mzee.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka,

Salamu leo sina.

Baba amewaambia majirani wafunge milango nikipita. Mimi ninayemwogesha, ninayemgeuza ubavu. Jana mama wa nyumba ya pili alinipokea mlangoni, mkoba wake ameubana kwapani.

Andika ukweli nimsomee. La sivyo nitakuja dukani kwako niuseme mbele ya wateja wako, na unajua sauti yangu.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Wasalimie huko. Ukurasa wa pili ni wa baba. Msomee neno kwa neno, usiongeze chumvi. Nimekiri. Sasa lala usingizi.

Kaka yako

28 Aprili

Kaka,

Ni matumaini yangu u mzima, maana utahitaji nguvu.

Nilimsomea. Akasema alijua siku ile ile. Alikusikia ukihema kwa pupa huku ukifungua mkanda.

Nikamuuliza, kwa nini basi aliniita mwizi?

Akasema, "Yeye nikimgombeza hatarudi tena. Wewe huna pa kwenda."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi saa inavyofanya kazi. Ningeweza kumsamehe matusi, kaka. Hilo nimeshindwa.

Pa kwenda ninapo. Fundi cherehani mmoja amenipa kazi na chumba nyuma ya karakana yake. Naondoka Jumamosi. Shangazi atakaa naye siku mbili, hana zaidi. Dawa ziko juu ya kabati la vyombo. Ya chupa ya kahawia ni asubuhi tu. Mgeuze kila baada ya saa tatu, na umwonye kabla hujamshika, hushtuka.

Usijibu kwa barua. Hapa hatabaki mtu wa kumsomea.

Mimi, uliyeniita mdogo wako