Nilisema Harufu Iko Sawa

Mpendwa Shangazi Peppina,

Kabla hujaendelea kusoma nakuomba ufunge mlango, na ukimaliza usimwonyeshe mtu barua hii, hata mhariri wako, na kama ni lazima uichapishe basi badilisha majina yote, maana Reggio ni mji mdogo na watu hutambuana hata kwa mwandiko. Naomba msaada wako, sina mwingine wa kumwendea.

Mimi ni karani wa maabara katika kiwanda kidogo cha manukato, nina miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ni kuandika: pipa gani limefunguliwa, kimepimwa kiasi gani, na mtengenezaji wetu mkuu amesema nini baada ya kunusa. Mkuu huyo ni Mzee Mico. Ndiye aliyenisimamia ubatizo, na ndiye aliyenitafutia kazi hii baba alipokufa, na wewe unajua kwetu mtu wa namna hiyo huwezi kumgeuka.

Mwezi wa Februari niliingia maabara nikakuta gesi inavuja, harufu imejaa chumba kizima, naye ameshika kiberiti anataka kuwasha kiko chake. Nilimpiga mkono, kiberiti kikaanguka. Akanitazama, akaenda kufungua dirisha, akasema, "Basi umejua. Tangu ile homa ya Krismasi sina pua. Wewe unayo pua na unao mdomo, mwanangu. Pua niazime, mdomo ufunge."

Tangu siku hiyo ninayenusa ni mimi. Mbele ya watu yeye huinua kipande cha karatasi kilichochovywa, hufumba macho, nami nikiwa nyuma yake nakohoa mara moja kama harufu iko sawa, mara mbili kama ina kasoro. Wenzangu hunicheka: "Karani, lamba asali, kifua hicho kitakuzika!"

Sasa kuna manukato mapya ya wanaume, ambayo mzee aliyabuni kabla ya kuugua, na nadhani hatabuni mengine. Hayana utamu hata kidogo. Yanaanza na ganda la bergamoti, lile tunda la jamii ya limau, lililokamuliwa, chungu na baridi, halafu yanatulia kwenye mizizi yenye udongo bado, na chini kabisa kuna jiwe, gumegume lililogongwa, kama mawe ya makorongo yetu makavu yakipigwa na mvua ya kwanza. Ni harufu ya mwanamume asiyesema sana. Naipenda, Shangazi, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Bohari ina mafuta ya bergamoti ya aina mbili, ghafi kama yalivyotoka kwenye ganda, na yale yaliyoondolewa kitu kinachounguza ngozi ikipigwa na jua. Manukato ya kupaka mwilini huwekwa haya ya pili, hata wakamuaji wazee wa vijijini wanajua hivyo. Siku ya kuchanganya, watu wa bohari walituletea pipa la ghafi kwa makosa. Nilinusa nikahisi tofauti, uchungu ulikuwa mbichi zaidi na lile jiwe limesimama wazi kuliko kawaida, nikadhani mchanganyiko umekomaa, nikakohoa mara moja, na namba ya pipa nikaiandika daftarini bila hata kuisoma.

Demetrio, mpakiaji wetu, alipewa chupa ya majaribio. Jumapili akajipaka shingoni, akashinda pwani akicheza karata. Jumatatu alikuja shingo imejaa malengelenge, nyekundu kama nyama. Wenzake wakamwambia, "Demetrio, nani kakukumbatia, pasi?" Akacheka nao, ila hawezi kugeuza kichwa. Mimi nikaenda kulifungua daftari, nikaona namba ni ya pipa la ghafi.

Nilimwambia Mzee Mico. Akasema, "Jua la Juni linaunguza watu kila mwaka. Chupa elfu nne zikizuiwa, watauliza nani alinusa. Niache nistaafu Septemba kwa heshima, mwanangu. Ni miezi mitatu tu." Macho yake yalikuwa yamelowa. Malori yanaondoka Alhamisi. Nikisema, namvunjia jina lake lote. Nikinyamaza, nitakuwa naangalia shingo za watu maisha yangu yote. Namba ya pipa nimeiandika nyuma ya karatasi hii ili ujue sikudanganyi.

Usinipigie simu ofisini. Usiniandikie nyumbani, mama hufungua barua zangu. Nijibu gazetini Jumatano, au acha bahasha kwa mwenye kibanda cha magazeti mkabala na kituo cha treni cha Santa Caterina, umwambie ni ya kijana wa miwani.

*

Kijana wa miwani,

Majina nimebadilisha, kiwanda sikitaji, na barua yako nimeifungia kwenye droo. Siri ya jina lako ninaitunza. Siri ya chupa siitunzi.

Nakuonea huruma. Mzee huyo hakupaswa kuiazima pua yako. Kupoteza pua ni ugonjwa, angeusema tu. Yeye akakufanya wewe uwe kikohozi chake, na ukakubali kwa sababu unampenda. Hapo sikulaumu sana.

Nakulaumu penginepo. Umeeleza kosa la bohari, ukaeleza la mzee, lako ukalipitisha mbiombio. Ulihisi tofauti! Pua yako ilikuambia, nawe ukapendezwa nayo. Siku hiyo hukuwa karani mwoga, ulijiona bingwa. Ungekohoa mara mbili, Demetrio angekuwa anageuza shingo leo.

Unahofia kwamba utakuwa umemsaliti mzee. Mimi nakuuliza kuhusu wanaume elfu nne watakaojipaka na kwenda pwani vifua wazi, na wengine wamebeba watoto mabegani. Miezi mitatu anayoiomba ndiyo hiyohiyo ya jua kali.

Nenda kwa Mzee Mico asubuhi hii. Usimwombe ruhusa, mwarifu. Akitaka kufuatana nawe, mngoje avae koti. Akikataa, nenda peke yako kwa mwenye kiwanda, daftari mkononi, ukurasa umefunguliwa, na neno lako la kwanza liwe "nilinusa mimi". Huenda utafukuzwa, sitakudanganya. Huenda mzee akapita mbele yako bila salamu mpaka aingie kaburini. Hilo sina dawa yake.

Gazeti hili linafika vibandani alfajiri ya leo Jumatano. Ikifika saa sita mchana na hujaacha habari kwa mwenye kibanda kwamba chupa zimezuiwa, nitawapigia watu wa afya mimi mwenyewe na kuwasomea namba ya pipa.

Lakini kabla ya hao wote, pita kwa Demetrio. Mwambie si jua peke yake lililomuunguza, ili daktari ajue anatibu nini. Mwambie akae ndani na shingo aifunike. Na kama amewagawia nduguze chupa hiyo, ichukue mkononi mwao.