Mbwa Uliyeniachia

Baba,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana siku hizi nyumba hii kila kitu nafanya mwenyewe.

Nimechoka, baba. Naanza na hilo usije ukadhani nimekaa kukuandikia kwa raha. Arobaini yako tumeisoma, masufuria ya watu nimeyarudisha, mikeka imekunjwa. Wenzangu wote wa Kanyenye wakifiwa na baba zao huachiwa shamba au cherehani. Mimi ulinishika mkono ukaniambia, "Zena, Kijiko amepandwa na lile dume la machinjioni, na yeye ni mdogo. Usimwache." Kesho yake ukaniacha wewe.

Unajua vizuri kwamba mbwa yule sikuwa na habari naye. Tangu bibi mwalimu uliyekuwa ukimpikia arudi kwao Ulaya akuachie, miaka mitatu, mimi na swala zangu nilimpita kwa mbali. Akinilamba, basi maji mara saba, moja kwa udongo, na mdomo wangu juu. Wewe ulikuwa ukicheka tu. Ulimnyanyua kutoka kwenye banda la kuni kwa mikono miwili, uzito wake haufiki kuku wawili, ukanionyesha: "Taratibu naye, ana mifupa ya kuku." Nilikuwa nikigeuza uso.

Shangazi Mwajuma, dada yako, hajarudi Bukene. Alikuja kukuzika, na huku nyuma watu wa kwao wakahamishiwa kijiji kipya. Nyumba yake wanasema imeshabomolewa. Anasema hawezi, kwa umri wake, kwenda kuonyeshwa pa kulala. Basi tumebaki naye, wanawake wawili wasio na maneno mengi.

Shangazi hampendi Kijiko. Lakini mtu aliyezalisha wanawake tangu ujana wake hawezi kuona tumbo akanyamaza. Alikaa barazani, kanga kaivuta puani, akaanza kunipa amri. Mjamzito hapewi mayai. Nyama asiione, mtoto atanenepa tumboni ashindwe kutoka. Asishinde amelala. Uji wa mtama, mwepesi, asubuhi na jioni, basi. Nikamtii. Mimi nimezaa wapi hata nijue?

Baba, nilikaribia kumuua mbwa wako kwa utiifu. Baada ya wiki mbili alianza kutetemeka. Tumbo linakua, mbavu zinahesabika, na macho yake yananifuata kila ninapokwenda. Nikamtia kwenye kikapu cha sokoni, nikamfunika kanga, nikakatiza mtaa mzima kumpeleka kwa bwana mifugo. Majirani wakaniuliza, kuku huyo wa nini? Nikawaambia wa hitima. Mungu anisamehe, na wewe unisamehe, maana hitima yenyewe ilikuwa yako.

Bwana mifugo alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye baiskeli, vumbi hadi magotini, ametoka kuhesabu ng'ombe wa vijiji vipya. Akafunua kanga, akampapasa mbavu. Kisha akasema, "Dada, huyu nani kamfungisha saumu?" Nikamweleza. Hakunicheka, alikuwa amechoka kama mimi. Akaniambia mbwa mdogo namna hii tumbo likijaa hana nafasi ya chakula kingi, hivyo apewe kidogo kidogo, mara nne kwa siku, yai na dagaa. Asirukeruke. Apate sanduku lisilo na upepo, mlangoni pawe chini asiburuze tumbo. Na kwa kuwa dume lilikuwa kubwa, watoto wanaweza kumkwama. "Akisukuma muda mrefu bila kitu, niite," akasema, halafu akajikumbusha: "Lakini wiki za kuzaa kwake nitakuwa vijijini. Usinitegemee sana."

Basi nikawa mimi, ninayepanga foleni ya sukari tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu, nikifika nyumbani nachemsha yai la mbwa. Dagaa wa Kigoma naloweka chumvi itoke. Mara nne kwa siku, baba. Shangazi ananitazama, anasema mayai yale angekula mwanadamu. Mimi mwenyewe sikuonja hata moja.

Sanduku la chai nililikata upande mmoja, nikatandika matambara. Akayatoa yote. Nikatandika tena, akatoa tena, akaja kukaa mlangoni pa chumba changu kulia. Nikajua anachotafuta, na nikajifanya sijui.

Lazima nikuambie sasa. Siku ya kugawa nguo zako nilisema zimekwisha. Zilikuwa hazijakwisha. Lile koti lako la kaki nililificha chini ya godoro. Kila alasiri nililitoa, nikaweka uso kwenye kola, nikakukuta: tumbaku na vitunguu. Nilikuwa nalo hilo tu. Mbwa naye alikuwa analinusa kupitia uwazi wa chini ya mlango.

Siku nne nilimnyima. Ya tano nikalichukua nikalitupa sandukuni, kwa hasira kabisa, nakwambia kweli. Akalizunguka mara tatu, akalala.

Uchungu ulimshika Ijumaa, adhuhuri. Akahema, akachimba koti, akaanza kusukuma. Akasukuma hadi alasiri ikakaribia, na hakuna kitu. Ofisi ya bwana mifugo imefungwa. Nikakaa chini uani nikalia, na nilikulaumu wewe, kwa sauti, majirani wasikie. Nilisema hukunipenda, ungenipenda usingeniachia kifo kingine nikitazame.

Shangazi akanyanyuka barazani. Akafunga kanga kifuani, akaniambia nilete mafuta ya karanga yale kidogo yaliyobaki. Akapiga magoti mbele ya sanduku, akapaka vidole, mkono mtupu. Mimi nilikuwa bado natafuta kitambaa cha kumshikia. Akasema bila kunitazama, "Mshike kichwa. Taratibu, ana mifupa ya kuku."

Baba, nilidhani maneno yale ni yako. Kumbe ni ya kwenu, ya mama yenu labda. Nikamshika Kijiko kichwa kwa viganja vitupu, kwa mara ya kwanza, akanilamba mikono yote miwili.

Wa kwanza alikuwa mkubwa na alitoka amekufa. Baada yake wakaja wawili hai, jike na dume, wadogo kama panya. Nikawafunga vitovu kwa uzi wa kushonea, Shangazi akawasugua kwa kitambaa hadi wakalia. Ndipo akaliona koti. Alilijua. Akanitazama, nikangoja matusi. Akanawa mara saba, ya kwanza kwa udongo, akaenda kuswali.

Jumatatu asubuhi nilimkuta uani analifua. Anahesabu kwa sauti: moja, mbili, hadi saba. Akalianika. Lilipokauka nikaweka uso kwenye kola. Udongo na jua. Wewe humo tena. Siku ya kukuzika nilikuwa nahangaika na maji ya wageni, sikulia vizuri. Siku hiyo nililia vizuri. Shangazi akangoja nimalize, kisha akasema, "Haya, lirudishe sandukuni, watoto wanapata baridi."

Nimelirudisha. Macho yao yamefunguka jana. Dume bwana mifugo ameliomba, atalipata likiacha ziwa. Jike litabaki, maana Shangazi ameshalichagulia jina na hataki kuniambia.

Sasa nikuage, baba, mkono umechoka. Ulichoniagiza nimekifanya, kwa manung'uniko, lakini nimekifanya, na nitaendelea. Lango nalifunga mwenyewe kila jioni. Kijiko hatapandwa tena na dume kubwa maadamu mimi niko hai. Na kesho, Mungu akipenda, nitachemsha mayai matatu: la Kijiko, la Shangazi, na moja langu.

Pumzika.

Mwanao,
Zena