Jani la Sale la Eliamani

Manka,

Wewe mwanamke huna haya. Masika imepita, vuli imepita, hata kwenye ndoto hujanipitia. Nilidhani mtu akifa anapata nafasi ya kutembea. Aika wako ndiye ananiandikia, maana mimi kalamu naijua kwa macho tu. Nikitukana anasita. Andika, mtoto, mama yako anayajua matusi yangu.

Sasa sikia. Matanga yako hayajapoa, shemeji yako Eliamani akamtoa Aika kwenye kihamba chako, nyumba na shamba. Eti mtoto wa kike hana shamba. Akatafuta mtu wa Moshi mjini amuuzie migomba, kahawa, na kaburi lako humo humo.

Nilipiga kelele nje ya kanisa: "Eliamani dhalimu! Amemdhulumu yatima!" Watu wakasema pole, bibi, wakaenda kula. Madhalimu wamejaa, nani atamkumbuka mmoja?

Ndipo nikakukumbuka, tunamenya ndizi jikoni kwako. Nikisema fulani alikasirika, unanikata: "Alikasirika vipi? Alishika nini? Mvua ilikuwepo? Mimi sikuwepo, nipeleke!" Ulikuwa unanichosha, Manka.

Basi nikaenda kilabu cha mbege, mnunuzi yuko pale anamsubiri Eliamani. Nikakaa ubavuni pake, nikawapeleka wanywaji wote. Nikawapa mvua ya asubuhi ile Aika alipotolewa, niliyoiona kwa macho yangu, matope mekundu mpaka vifundoni. Eliamani kavaa koti la marehemu kaka yake, kola imechanika. Anatoka na sufuria ya kiburu ya Aika, ndizi na maharage vikichemka bado, anaimwaga juu ya kaburi. Mvuke unapanda kwenye maua. Na Aika amepiga magoti, anaokota maharage yakimuunguza vidole, hataki mama yake alale na uchafu.

Mnunuzi akaweka kata yake ya mbege chini, imejaa. Akateremka mjini bila kuaga. Siku hizi watoto wakimwona Eliamani njiani wanainama na kumwaga sufuria ya hewa.

Juzi akaja kwangu na jani la sale. Unajua mila yetu, likiletwa hilo hata damu inasamehewa. "Mama Ndesario, nakuomba, iache ile hadithi."

Nikamwambia, "Umekosea mlango. Aliyekosewa ni Aika, yuko jikoni kwangu pale. Mpelekee, na ufunguo wa nyumba juu yake."

Akasimama. Jikoni ni hapo tu, hakwenda. Akaondoka nalo.

Nilifurahi, sikufichi. Jioni hiyo hiyo nikaliingiza jani kwenye hadithi: ncha imekauka, amelishika kama mkia wa nyoka.

Aika anasema yatosha. Ana moyo wako huyu. Mimi nina wangu. Jana nilipakua sahani tatu, nikakuita... Aika akairudisha moja kabatini.

Nakuahidi, nitaisimulia kilabuni, sokoni, hata harusini kwa binti wa Eliamani mwenyewe, mpaka Aika awashe moto jikoni kwako. Na akishauwasha, sijui kama nitanyamaza.

Lala, rafiki yangu. Ila ukija, usianzie kwangu. Pita kwa Eliamani, ukae mlangoni pake, usimpishe. Usimwambie kitu. Maneno niachie mimi.