Sato wa Yakobo Ukutani

Mkolani,
3 Februari 2025

Wifi yangu Justa,

Salamu nyingi kutoka huku. Hujambo, na kifua kinaendeleaje? Mimi naamka, nakwenda shule, narudi. Ningekupigia, lakini sisi tukipigiana simu tunaishia kulia wote wawili, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shuleni tumeletewa vishikwambi na projekta, ile mashine ya kutupa picha ukutani. Mwalimu mkuu anataka kila mmoja wetu afundishe somo moja kwa vifaa hivyo mbele ya walimu wenzake. Zamu yangu ni mwisho wa mwezi. Nikishindwa, Sayansi ya darasa la tano anapewa Farouk, kijana mpya. Simchukii. Lakini unajua lile ni darasa la kaka yako Yakobo. Nililiomba tulipotoka kumzika, na kabatini bado kuna vipande vyake vya chaki.

Mada yenyewe ni jinsi samaki anavyopumua. Samaki aliyemo kwenye kishikwambi ni wa baharini, ana madoa ya njano. Watoto wa hapa watamshangaa tu. Nimetafuta nyumba nzima gunia alilochora Yakobo la kufundishia, lile lenye samaki sato. Halipo. Je, uliliona tulipoanua matanga?

Wifi yako,
Modesta

Nansio,
11 Februari 2025

Shikamoo wifi,

Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Nanyi poleni na joto, nasikia Mwanza linachoma.

Gunia ninalo. Hukumbuki? Siku naondoka ulinishika mkono ukasema, "Utarudije Ukerewe bila hata mahindi?" Ukanijazia mwenyewe. Kaka alikuwa amezoea kuligeuza ili vumbi lisile rangi, kwa hiyo mchoro ulikuwa ndani. Nilipomwaga mahindi nyumbani nikamkuta sato ananitazama. Nikakaa chini. Nilidhani umefanya makusudi, kwamba umenigawia kaka. Nimelitundika mkabala na kitanda.

Wifi, darasa ni lako. Ukisema gunia lije, nitalikunja nilitume kwa meli. Ila uniambie mapema, nijiandae.

Wifi yako,
Justa

Mkolani,
1 Machi 2025

Justa wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Kusema gunia lije nilishindwa, kusema libaki nilishindwa pia. Hayo mahindi siyakumbuki kabisa.

Farouk alinikuta ofisini nimeinamia kishikwambi kilichozimika. Akauliza, "Mwalimu Modesta, unakiombea?" Nikacheka, nikamweleza. Akasema, "Kwani lazima gunia lisafiri? Si wifi yako apige picha tu!" Kitu kidogo hivyo. Ndiyo maana nilikutumia ule ujumbe wa kuomba picha bila hata salamu. Mshukuru binti wa jirani yako kwa simu yake.

Jana nilifundisha. Nikabonyeza pasipotakiwa, ukuta ukawa mweusi, walimu wakaanza kukohoa. Nikabonyeza tena. Sato wa Yakobo akatokea, ukuta mzima. Queen, yule wa dawati la mbele, akapiga kelele, "Mwalimu, huyu anatosha kitoweo cha Mkolani yote!" Darasa likaangua kicheko, na mimi pumzi ikanirudi. Halafu nikawawekea video ya matamvua, yale anayopumulia samaki, yakifunguka na kujifunga majini. Hilo, gunia lisingeweza kamwe, lazima nikubali. Mwezi wote huu nilikuwa nahofia kwamba mashine imeletwa kumfuta mume wangu.

Darasa nimebaki nalo. Farouk atanielekeza mengine.

Tena kuna hili. Karibu na mkia pana alama ya dole gumba. Kwenye gunia sikuwahi kuiona. Ukutani ilikuwa kubwa kama sinia. Unakumbuka alivyokosa subira, anagusa rangi kuona kama imekauka, na kila mara bado? Nilisimama nikaitazama hadi watoto wakaniita.

Gunia libaki kwako.

Wifi yako,
Modesta

Nansio,
6 Machi 2025

Shikamoo wifi,

Mimi mzima, na leo nimelala vizuri. Nimelipeleka gunia dirishani kwenye mwanga. Alama ipo. Nilidhani ni uchafu wa safari, na nilishatenga sabuni nilifue Jumamosi hii.

Sabuni nimefulia shuka.

Wifi yako,
Justa