Vipande Vitupu vya Sauti ya Apa

Jumapili, Kanamkemer. Upepo umeanza mapema leo, na mchanga umeingia hadi kwenye sufuria ya chai. Sijali. Nimeolewa juzijuzi tu, na mke mpya hata mchanga huulalamikia kwa kuimba.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuanza. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeimba humu ndani tangu Ijumaa.

Mume wangu anaitwa Ekal. Nikiandika "mume wangu" bado nasimama kidogo kulitazama neno lenyewe, kama mtu aliyevaa viatu vipya. Anafundisha kompyuta kule Kakuma, na Ijumaa hurudi Lodwar kwangu. Nikisikia pikipiki ikizimwa nje, moyo hutangulia mlangoni, miguu hufuata. Ningeweza kujaza blogu hii na shingo yake tu.

Lakini leo naandika juu ya sauti ya baba yake.

Baba mkwe, ambaye jina lake sitalitaja kwa heshima, namwita Apa tu, yaani baba, aliugua kule Kaikor tulipokuwa tukijiandaa kwa harusi. Alijua hatafika. Akamwomba mama mmoja jirani amwashie kabambe yake, ile simu ndogo ya vibonyezo, irekodi, ili aombe baraka na sisi tusikie siku yetu. Mama akabonyeza, akaiweka juu ya ngozi aliyolalia mzee, akatoka kunywesha mbuzi. Aliporudi simu ilikuwa imezimika, na mzee amepitiwa na usingizi.

Hakuna aliyetuletea simu hiyo. Tulioana, tukaruka na kucheza mpaka shanga zangu zikakatika. Siku chache baadaye mzee akafariki, tukapanda Kaikor kumzika. Ndipo yule mama akamkabidhi Ekal ile simu.

Faili ilikuwa ndani. Lakini kila simu tuliyoihamishia ilikataa kuicheza, kwa sababu betri ilikufa kabla rekodi haijafungwa vizuri. Ekal akasema ataandika programu yake mwenyewe. Kuna maktaba, si ile ya vitabu, bali mkusanyiko wa kazi ambazo waandishi wengine wa programu wamekwisha kuzifanya. Unaiambia ifungue faili, nayo inakutolea sauti kipande kimoja kimoja.

Nilimuuliza sauti inakaaje ndani ya faili ndogo vile. Akanijibu kwa edodo, yale maziwa yetu yanayokaushwa juani mpaka yawe unga. Simu inaikausha sauti ili ienee mahali padogo. Maktaba inarudisha maji.

Si ningeolewa naye tena kwa jibu hilo?

Ijumaa alifika na sauti ya mzee kwenye kompyuta. Tukakaa mkekani, nikamshika mkono. Sauti ilitoka, na ilikuwa yake kweli, ila ilikuwa inakimbia. Neno juu ya neno, hata pumzi hakuna. Tukatazamana. Ekal akamtumia rekodi baba yake mdogo aliyeko Kakuma, maana ndiye mkubwa wa familia sasa.

Baba mdogo alipiga simu kabla chakula hakijaiva. Baada ya salamu, ejok na ejok, akaingia moja kwa moja.

"Ekal, nimesikia. Ndugu yangu ameomba kama mtu anafukuza mbwa. Hakungoja mtu aitikie. Mimi nimechunga ndama na yeye, najua akiomba na roho safi anaomba aje. Hii si baraka." Kisha akauliza polepole, "Mlimkosea nini?"

Kwa msomaji asiye wa huku: maombi yetu hayaombwi na mtu mmoja. Mzee anauliza na watu wanaitikia. Anauliza kama ubaya umekwenda, watu wote wanasema umekwenda. Anauliza kama mvua imekuja, wanasema imekuja, hata kama ardhi imepasuka. Maneno yasiyoitikiwa huanguka chini. Na mzee asiyengoja kuitikiwa ni kama hataki yashike.

Ekal alikata simu akakaa. Najua alichokuwa akifikiria. Katika ukame huu, mzee alitoa mahari karibu wanyama wake wote ili baba yangu anitoe mimi. Alibaki na mbuzi wachache na kikohozi.

Jana nilimpikia, akasema asante vile mtu anavyomwambia muuguzi. Nilijiona kama kitu kilichonunuliwa kwa uhai wa mtu.

Nilitoka kanisani leo nikamkuta anasikiliza tena. Nikakaa nyuma yake, kidevu begani. Chini ya skrini kulikuwa na mstari nilioweza kuusoma: vipande vitupu vilivyorukwa, halafu nambari ndefu.

Nikamuuliza vipande hivyo ni nini. Akasema bila kugeuka kwamba mtu akinyamaza, simu haihifadhi sauti, inaweka alama tu kwamba hapa ni kimya. Maktaba humtolea alama hizo kama vipande visivyo na kitu, kwa hiyo aliiambia programu ivipite. Ili rekodi iwe safi.

"Na sisi tungeitikia wapi?" nikamuuliza.

Mkono wake ulikwenda kwenye kompyuta, ukafuta mstari mmoja wa programu. Maji ambayo maktaba iliyarudisha, yeye ndiye aliyeyamwaga.

Akafungua faili upya tangu mwanzo.

"Ubaya umekwenda, sivyo?" Mzee akanyamaza. Kimya kirefu, kamili, kisicho na hata upepo.

"Mvua imekuja?" Akangoja.

"Mbuzi wamejaa boma la mwanangu?" Akangoja. Tulimsikia akikohoa, kisha akangoja tena, kwa adabu, kama mtu aliyezungukwa na watu.

"Huyu msichana tuliyemleta, amefika?"

Nikafunika uso kwa shuka. Nilionana naye mara moja tu maishani, akanipa maziwa na kuangalia pembeni kwa haya.

Baada ya hapo kimya kilikuwa kirefu kuliko vyote. Nilidhani rekodi imeisha. Kisha akasema kwa sauti nyingine, si ya maombi, sauti ya mzee aliyeinua kichwa kutoka kwenye ngozi:

"Mko?"

Hapo ndipo betri ilipokufa.

Ekal alisema, "Tuko, Apa." Aliiambia kompyuta. Akarudia mpaka sauti ikakatika, na mimi nikamshika kwa nyuma kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Hakuwa amelia hata makaburini.

Tumemtumia baba mdogo ile mpya. Alipiga mchana, na nilingoja aseme amekosea. Alisema, "Basi alibariki." Kisha akauliza ni nani alikuwa na mzee siku hiyo wa kumwitikia. Ekal akamwambia hakuna mtu. Baba mdogo hakukata simu. Tulikuwa tunasikia tu mtu akipumua kule Kakuma.

Mimi nimehesabu moyoni. Siku hiyo mzee aliporekodi, mimi nilikuwa nasukwa nywele za harusi. Dada zangu walinitania kuhusu Ekal mpaka nikalia kwa kicheko. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na siwezi kuikumbuka sasa bila kumsikia mzee akiuliza.

Ijumaa ijayo tutapanda Kaikor na kompyuta. Baba mdogo atakuja, na yule mama jirani, na yeyote atakayekuwepo. Tutaketi karibu na mawe ya kaburi lake na kumwacha aombe, na kila atakaponyamaza tutaitikia kwa pamoja.

Sijui kama baraka inayoitikiwa mwombaji akiwa ameshazikwa hushika. Nimemuuliza Ekal, naye hajui. Amelala mkekani sasa, mkono wake juu ya mguu wangu, na upepo bado unaleta mchanga.

Nimefika, Apa. Hilo moja nimeliitikia leo, peke yangu, nikiosha sufuria.